Waya wa Ardhi na Waya wa Ardhini: Historia ya Maneno ya Umeme Ukutani

Msomaji akisimama nje ya nyumba ya mjini iliyounganishwa na umeme, akainua macho kuutazama ukuta, ataona mahali ambapo mali ya umma hukutana na mali ya mtu binafsi. Kutoka kwenye nguzo waya huvuka njia, hufika ukutani chini kidogo ya paa, huteremka ndani ya bomba mpaka kwenye mita, kisha hutoboa ukuta na kuingia ndani. Karibu na mita hiyo huteremka waya mwingine, mwembamba, ambao hauendi kwenye taa wala kwenye jiko, bali hufukiwa udongoni. Safari yote hiyo ni ya pima chache tu. Hata hivyo, ndani ya pima hizo chache mna vitu saba au nane ambavyo mhandisi huvitofautisha kwa majina, nasi wasemaji wa Kiswahili aghalabu huviita vyote kwa neno moja: waya.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi tulivyofika hapo, na kuonyesha kwamba upungufu huu hauhusu urembo wa lugha peke yake. Lugha inaweza kuishi miaka mingi bila ya neno la pili la ua fulani, na asidhurike mtu. Lakini palipo na umeme, neno moja likibeba mambo mawili, kuna siku litamwangukia mtu.

Kosa lililonifundisha

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa na ofisi moja kazi ya kufasiri karatasi ya maelekezo kwa wenye nyumba. Katika ukurasa wa kwanza palitajwa waya ule mwembamba uunganishao vyuma vya nyumba na udongo, ambao kazi yake ni kuchukua umeme uliopotea njia na kuupeleka ardhini kabla haujamdhuru mtu. Kwa kuwa waya huo huingia ardhini, niliuita "waya wa ardhini", na nikaandika kwamba kwa kawaida hauna umeme. Katika ukurasa wa tatu ilitajwa kebo kubwa iletayo umeme nyumbani kwa kupita chini ya ua. Kwa kuwa hiyo nayo imelala ardhini, niliiita vilevile "waya wa ardhini", na nikaandika kwamba watu wasichimbe karibu nayo. Sarufi ilikuwa sahihi kotekote. Mhariri aliisoma, akaridhika, na karatasi ikachapwa.

Baada ya muda nilikutana na mtu aliyekuwa akichimba shimo la taka nyuma ya nyumba yake. Sululu yake iligonga kebo, ukatokea mwako, na fyuzi ya nguzoni ikakatika. Mpini wa sululu ulikuwa wa mti mkavu, na hilo pengine ndilo lililomwokoa. Aliungua mikono na uso, akapona. Nilipomuuliza kwa nini hakusita alipouona mpira mweusi udongoni, alinijibu kwa upole: "Mwalimu, mbona karatasi yenu imesema waya wa ardhini hauna umeme?" Sikuwa na jibu. Alikuwa ameisoma karatasi vizuri kuliko mimi nilivyoiandika.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza jinsi Kiswahili, lugha yenye majina mengi ya kamba na nyuzi za vyombo vya baharini, ilivyofika mahali ambapo nyuzi zote za umeme zina jina moja.

Nyuzi za madini kabla ya umeme

Wazee wetu walizijua nyuzi za madini zamani sana kabla ya umeme. Misafara iliyotoka pwani kwenda bara katika karne ya 19 ilichukua nguo, shanga na mizunguko ya nyaya za shaba. Nyuzi nene za namna hiyo ziliitwa masango, na nyembamba za kufumia vikuku ziliitwa udodi. Basi lugha ilikuwa na njia ya kupambanua uzi mnene na uzi mwembamba, kwa sababu biashara ilidai hivyo. Anayeuza masango hakubali kulipwa bei ya udodi.

Neno la tatu lilikuja kwa njia ya bahari. Mwaka 1879 kebo ya kupelekea habari ililazwa chini ya bahari kutoka Aden mpaka Unguja, ikaendelea kusini. Watu wa pwani wakaiita simu. Neno hilo ni la asili ya Kiajemi, na maana yake huko ni fedha, na pia uzi wa madini. Kwa hiyo simu, kwa asili yake, ni waya wenyewe. Lakini mara neno lilihama. Kutoka kwenye uzi likahamia kwenye habari ipitayo ndani ya uzi, na watu wakasema wamepata simu. Kisha likahamia kwenye chombo cha kuongelea. Leo tunabeba mifukoni simu zisizo na uzi wowote, na hakuna aonaye ajabu.

Hapa pana funzo la kwanza. Watu hawavutiwi sana na uzi. Wanavutiwa na kile kinacholetwa na uzi. Jina la uzi likiachwa bila mlinzi, huchukuliwa na kile kinachopita ndani yake. Twaweza kukisia kwamba umeme wa taa ulipofika, neno simu lilikuwa limekwisha shughulishwa na kazi nyingine, na masango na udodi yalikuwa yamebaki katika mapambo na biashara. Pakawa na nafasi tupu, na neno la Kiingereza likaingia.

Umeme waingia mijini

Dar es Salaam ilipata umeme wa kwanza mwaka 1908, katika utawala wa Wajerumani. Ulitumika katika karakana za reli na katika sehemu ya mji walimokaa watawala. Mwaka huohuo, huko Mombasa, mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee alianzisha kampuni ya umeme na taa. Na historia inayosimuliwa na shirika la umeme la Kenya yaeleza kwamba mtambo wake ulitoka kwa Sultani wa Unguja. Baada ya Waingereza kuitwaa Tanganyika, idara ya serikali ya umeme iliundwa mwaka 1920. Mwaka 1931 kazi hiyo ikapewa kampuni mbili za watu binafsi: DARESCO, iliyohudumia Dar es Salaam na miji ya njia ya reli ya kati, na TANESCO, iliyohudumia upande wa Tanga. Mwaka 1964 Serikali ilinunua hisa katika kampuni hizo, baadaye zikaunganishwa, na mwaka 1975 TANESCO ikawa mali ya umma kamili. Mwaka 1980 kebo ya umeme ililazwa chini ya bahari kutoka bara mpaka Unguja, miaka 101 baada ya ile ya simu.

Jambo la kuzingatia kwa mwanalugha ni hili: umeme wa Dar es Salaam uliletwa na Wajerumani, lakini maneno ya kazi ya umeme hayakutoka kwao. Kijerumani kimetuachia shule na hela. Waya, swichi, fyuzi, soketi, balbu na mita yote ni ya Kiingereza. Yaelekea kwamba msamiati wa ufundi hauletwi na mashine. Huletwa na mtu anayemfundisha fundi. Kijana aliyeshika ngazi na koleo katika miaka ya 1930 alimsikiliza msimamizi wake, akayachukua maneno yake, akayapa vokali za mwisho, akaenda nayo kazini.

Umeme wenyewe ulibahatika kupata jina la Kiswahili. Umeme ni mwanga wa radi, na ni ndugu wa metameta na memeteka. Kenya wengi husema stima, neno la meli na mashine za mvuke, labda kwa kuwa mitambo ya mvuke ilizalisha umeme. Nchi moja ikautazama mwanga, nyingine ikautazama mtambo. Lakini zote mbili zikakubali waya.

Neno waya lilipokewa kwa urahisi wa ajabu. Lilianza na sauti inayofanana na maneno yetu kama wayo na waraka. Na kama tusemavyo nyayo na nyaraka, tukasema nyaya. Halikubaki mgeni, lilipewa ngeli na wingi, likawa mwenyeji. Kwa sababu hiyo hatukulishuku. Neno geni lenye sura ya ugeni humfanya mfasiri asimame kidogo na kuuliza maana yake. Neno lililokwisha vaa kanzu hupita mlangoni bila ya kuulizwa.

Ukuta na mavazi ya waya

Wakati neno likibaki moja, kitu chenyewe kilibadilika mara nyingi, na ukuta wa nje ndipo mabadiliko hayo yalipoonekana zaidi.

Mwanzoni njia za angani zilikuwa shaba tupu, isiyovikwa chochote, iliyoshikiliwa na vigae vya kauri ambavyo mafundi wetu huviita vikombe kwa umbo lake. Kilichozuia umeme usipotee kilikuwa hewa na vikombe hivyo. Waya ulipofika ukutani ulipitishwa katika bomba la kauri lililoinamishwa kuelekea nje, ili maji ya mvua yasiingie ndani. Wahandisi wa London walikuwa wametunga kanuni zao za kwanza za kuzuia moto wa umeme majumbani mwaka 1882, na nchi zilizotawaliwa na Waingereza zilirithi mtindo huo wa kazi.

Kisha waya ukavikwa mpira, na mpira ukafunikwa kwa kitambaa. Mpira huo ulizuia umeme, lakini ulikauka kwa miaka na joto, ukawa unavunjika kama ganda la yai. Ikaja ala ya risasi, ambayo maji hayaipenyi. Lakini risasi ni laini. Msumari mmoja wa kutundikia picha huipasua, na chokaa mbichi huila. Mahali pengine zikatumiwa bomba za chuma, ambazo huzuia misumari vizuri, ila upepo wa chumvi wa pwani huzila kwa kutu. Kuanzia miaka ya 1950 plastiki ilienea na kuchukua nafasi ya mpira na risasi. Plastiki nayo ina adui wake, yaani jua. Ukiachwa wazi kwenye ukuta unaotazama magharibi, waya wa plastiki usiotengenezwa kwa kazi ya nje hukakamaa na kupasuka. Ndiyo maana kebo za nje huwa nyeusi, maana weusi ule wa masizi huikinga plastiki na jua. Na ndiyo maana zile za ndani hupaswa kuingizwa katika bomba zinapotoka nje.

Mwenye kutaka kuiona historia yote hii kwa mara moja na atembee Mji Mkongwe wa Unguja. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene na laini kwa ndani, zisizoushika msumari vizuri. Haikuwa rahisi kuzichimba ili kuficha nyaya, na baada ya mji huo kuingizwa mwaka 2000 katika Urithi wa Dunia, haikuwa halali kuzichimba ovyo. Kwa hiyo nyaya zimepita juu ya uso wa ukuta, kizazi juu ya kizazi, juu ya milango iliyochongwa na chini ya roshani. Anayeambiwa huko "ondoa waya wa zamani" ana haki ya kuuliza: upi?

Sababu ya kuhitaji majina

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba mafundi wanaelewana, na hilo latosha. Ni kweli kwamba mafundi wanaelewana. Wao husema laivu, nyutro na ethi, wala hawachanganyi. Lakini karatasi za maelekezo haziandikwi kwa ajili ya mafundi. Huandikwa kwa ajili ya mwenye nyumba, mpangaji, mwalimu mkuu, na karani wa halmashauri anayepokea maombi ya kujenga ukuta. Hao ndio hutegemea neno lililochapwa, kwa kuwa hawana kitu kingine cha kutegemea.

Tuchukue mfano mmoja. Waya utokao nguzoni mpaka kwenye mita, na ule utokao kwenye bodi ya fyuzi kwenda kwenye taa ya barazani, huweza kupita ukutani sambamba, ukiwa na unene unaokaribiana. Wa pili umelindwa na fyuzi ndogo ya nyumba. Ukitobolewa na msumari, fyuzi hukatika mara. Wa kwanza haujafika kwenye fyuzi yoyote ya nyumba. Unalindwa na fyuzi kubwa ya nguzoni au ya kituo cha transfoma, iliyopimwa kwa ajili ya kulinda njia nzima wala si mkono wa mtu. Msumari ukiugusa, moto waweza kuwaka kwa muda kabla ya umeme kukatika. Tena wa kwanza ni wa shirika, na mwenye nyumba hana ruhusa kuugusa. Wa pili ni wake mwenyewe. Maagizo yasemayo "mwenye nyumba atunze waya wa ukutani" yamemwambia nini? Yamempa kazi isiyo yake na hatari asiyoijua. Na hapo ndipo kishoka hupata soko, kwa kuwa mtu asiyejua mpaka wa mali yake humlipa yeyote anayejidai kuujua.

Mapendekezo

Tangu kuanzishwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, wanaistilahi wetu wamefuata utaratibu wa kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, ndipo watoke nje. Nautetea utaratibu huo, na mapendekezo yangu mengi yanatoka nyumbani. Moja tu halitoki nyumbani, nami nitalieleza sababu yake.

Kwanza, tutenge waya na kebo. Waya na ubaki kuwa uzi mmoja wa madini, ukiwa mtupu au umevikwa. Kebo, neno ambalo limekwisha pokewa, liwe jina la nyaya zilizofungwa pamoja ndani ya vazi moja.

Pili, tuyape mavazi ya kebo majina yake. Shaba ya katikati na iitwe kiini. Vazi la kuzuia umeme usitoke ni kihami, neno lililokwisha kuzoeleka katika vitabu vya sayansi. Vazi la nje, linalozuia maji na mikwaruzo, liitwe ala, kama ala ya kisu. Na zile nyuzi za chuma zinazozungushwa kwenye kebo za kufukiwa ili zistahimili jembe, ziitwe deraya, kwa jina la vazi la chuma walilovaa askari wa kale. Mtu akiambiwa kwamba ala imepasuka lakini kihami ni kizima, atajua kwamba hatari imekaribia ila haijafika. Leo huambiwa tu kwamba waya umechubuka.

Tatu, waya utokao nguzoni mpaka kwenye mita uitwe kebo ya kuingizia umeme, na nyaya zote zilizo baada ya mita ziitwe nyaya za nyumba. Mpaka ukiwa katika jina, utakuwa pia katika fikra.

Nne, na hapa ndipo ninapoondoka katika mazoea: waya wa usalama uendao ardhini tuuite waya wa ethi, kama mafundi wanavyouita. Najua kwamba ardhi ni neno letu la siku nyingi, na ethi ni Kiingereza kilichobadilishwa sauti. Wenzangu wamependekeza tuseme "waya wa ardhi" kwa ule wa usalama, na "waya wa ardhini" kwa kebo iliyofukiwa. Kwenye karatasi tofauti hiyo inaonekana. Lakini ni tofauti ya silabi moja ya mwisho, ambayo mtu akisoma kwa haraka huiruka, na akiita kwa sauti kutoka upande wa pili wa ua, upepo huichukua. Uhai wa mtu haufai kutundikwa kwenye silabi hiyo. Neno la kigeni lisilofanana na lolote jingine ni salama kuliko neno la nyumbani lenye pacha. Na kebo ile nyingine iitwe kebo iliyofukiwa, ili neno ardhi lisitokee popote katika majina haya mawili.

Mwisho

Historia hii fupi imetuonyesha lugha ikifanya mambo mawili. Ilipokuwa na biashara ya nyuzi za shaba mikononi mwake, ilitofautisha masango na udodi, kwa kuwa aliyekosea alipata hasara. Ilipopokea umeme kutoka kwa wengine, iliridhika na neno moja, kwa kuwa kutofautisha kulikuwa kazi ya msimamizi. Sasa umeme ni wetu, na shirika ni letu, na anayepata hasara tunamjua kwa uso. Hakuna udhuru wa kuendelea kusema waya.

Istilahi hizi hazitafaa kitu zikibaki katika jarida hili. Wafasiri wa wizara na mashirika waombwe kuzijaribu katika karatasi zao, na waanzie kila karatasi kwa picha ya ukuta iliyoandikwa majina. Walimu wa shule za ufundi wazisome pamoja na wanafunzi, na watueleze zipi zimekubalika ulimini na zipi zimekataa. Tena, kabla ya kuchapa lolote, karatasi isomwe kwa sauti mbele ya mtu asiye fundi, naye aulizwe angechimba wapi. Karatasi yangu ingeulizwa swali hilo, isingefika mitaani.